Makala Mia na Kumi na Mbili za Daktari Tak

Bila mimi, Maeng Jong-gu, dereva wa sampuli za damu, hospitali hii ingejulikana kwa supu yake ya kabichi tu. Jina langu limechapishwa kwenye makala ya kisayansi, Kiingereza kitupu, na ukurasa wenyewe nimeutia fremu sebuleni, juu ya televisheni. Lakini leo si siku yangu. Leo ni ya Daktari Tak Hyeon-sun, anayestaafu tarehe 28 Februari baada ya miaka thelathini na mmoja ya kazi na makala mia moja na kumi na mbili.

Alipofika, hapa tulitibu kichwa cha mtu kana kwamba hakina mwili. Mgonjwa wa akili akilalamika kiu, aliambiwa ni mawazo yake. Daktari Tak akampima: kisukari, tena cha siku nyingi. Makala yake ya kwanza ilitoka hapo. Majarida saba yaliikataa. La nane lilipoikubali, alituagizia kuku wa kukaanga wodi nzima. Kisha akageuka upande wa pili, akaandika makala arobaini juu ya watu wa kisukari wanaokata tamaa hadi kuacha sindano zao. Leo kila anayelazwa hapa hupimwa sukari kabla ya kuonyeshwa kitanda, na hospitali za jirani zimetuiga.

Damu za makala zote hizo nilizibeba mimi. Mwaka mmoja theluji ilifunika gari hadi paa. Nikavuka mto ulioganda kwa miguu, mirija themanini nimeibana kwapani. Damu haikuganda, niliganda mimi. Muuguzi Eom anasema mirija ilikuwa kumi na miwili na daraja lilikuwa wazi. Muuguzi Eom hakuwepo.

Sasa nije kwenye makala ya sitini na moja. Dawa mpya ilikuwa imemtuliza Mzee Bong wa wodi ya tatu, ambaye kwa miaka ishirini aligombana na redio iliyozimwa. Lakini kila ikiingia Novemba, sukari ya asubuhi ya wodi hiyo ilipaa. Miaka miwili mfululizo! Wakubwa wakasema dawa ndiyo mbaya, iondolewe. Mzee Bong akamshika Daktari mkono.

"Daktari wangu, ukiniondolea hii, yule mtangazaji atarudi."

Mwingine angeandika kwamba dawa inapandisha sukari, akaenda zake nyumbani. Yeye alihamishia kiti chake wodini. Asubuhi ya tatu akakuta chini ya mto wa Mzee Bong vikonyo sita vya persimoni, yale matunda ya rangi ya chungwa, zilizokaushwa, zile ninazozining'iniza barazani kwangu kila vuli, tamu kuliko tende. Akanisubiri mlangoni. Nikaingia na boksi langu la barafu, mfuko wa koti umevimba.

"Mjomba Maeng, wagonjwa wangu wanafunga tangu jana jioni ili niwapime. Wewe unakuja kuwafuturisha?"

"Moja moja tu, Daktari. Wananitazama kwa njaa, roho inaniuma."

"Moja moja kwa watu kumi na tisa!"

"Yangu ilikuwa ndogo," akadakia Mzee Bong kutoka kitandani. "Ile kubwa hupewa Muuguzi Eom."

Hakunishtaki kwa mtu. Alizitupilia mbali takwimu za miaka miwili, yeye mwenyewe, bila kulazimishwa, akaanza upya. Sukari ikatulia, dawa ikabaki. Mzee Bong sasa anaishi kwa dada yake na anasikiliza redio iliyowashwa. Makala hiyo ndiyo yenye jina langu, na kwa miaka kumi na minne nimewaambia wageni kwamba inanishukuru kwa kuvuka mto.

Daktari Tak, ahsante. Sasa lala hadi jua likuamshe, panda kabichi zako, usome kitu kisicho na majedwali. Sukari yako ikae chini na furaha yako ikae juu, miaka mingi.

Limebaki moja. Ili niandike haya vizuri, wiki iliyopita nilimwomba mpwa wangu anisomee ile fremu. Mto haumo. Imeandikwa: "Tunamshukuru Bwana Maeng Jong-gu kwa kukubali kuacha kuwalisha wagonjwa persimoni."

Sijaishusha.