Mnyapara wa Seva Saba

Benchi letu limeegemea ukuta wa ghala la ushirika wa mboga, barabara ya kwenda Mzumbe. Wa kudumu hapo ni Katiba, yaani Mzee Fransisko, karani mstaafu anayeheshimu mhuri kuliko chakula; Plagi, fundi pikipiki; na Mwaisha, mwenye birika la kahawa. Asubuhi hiyo malori ya kabichi yalikwama getini, vibali vya kutoka havichapishwi. Castory, fundi kompyuta wa ushirika, akaja akakaa bila kumwamkia mzee. Tukajua kuna jambo.

— Nimeua seva saba, akasema.

— Wewe? Plagi akaruka. Kwa nyundo?

— Kwa maneno mawili. Kuna programu naiita Mnyapara. Kila nusu saa anakagua seva zote. Iliyo tofauti na orodha yangu anainyoosha. Kwenye programu ya vibali sikuandika namba ya toleo, niliandika "jipya kabisa". Alfajiri limetoka jipya, Mnyapara kaliweka kote, na vibali vimekufa.

— Si urudishe la jana!

— Nimerudisha mara nne. Kabla seva hazijamaliza kuwaka, nusu saa inafika, analing'oa, anaweka jipya.

Plagi akashika kichwa.

— Mamaa! Huyo katoka gereza la Kingolwira, si bure. Kesho atagombea uenyekiti!

— Na atashinda, akasema Katiba. Ndiye mtumishi pekee hapa anayefuata maandishi. Badili orodha, kijana.

— Mzee, kila namba hupitishwa na kamati. Ndiyo maana walipitisha "jipya kabisa", wasikae tena.

— Waitwe wakae!

— Mwaliko wa kikao hutoka kwenye mfumo huohuo wa vibali. Ndio huo umekufa.

Katiba akavua miwani. Miaka thelathini ya ukarani, hajawahi kuona utaratibu ukijifungia ndani na ufunguo wake.

Bernadeta wa Mlali akashuka kwenye lori la kwanza.

— Shikamoo babu. Castory, kabichi zangu zinachemka chini ya turubai. Zikilala hapa, ni za ng'ombe. Kwani hilo toleo la jana lilikuwa na ubaya gani?

Plagi akamtazama Katiba, Katiba akaitazama miwani. Mwaisha akainamisha birika. Halikutoa hata tone.

Castory akainuka.

— Naenda kurudisha toleo la jana, na namba yake naiandika kwenye orodha.

— Bila barua ya kamati? Katiba akapaza sauti.

Castory akaingia ofisini. Tulisimama wote, macho kwenye saa ya Plagi. Nusu saa ikafika. Ikapita. Mnyapara hakugusa kitu.

Kibali cha kwanza kikachapishwa, lori la Bernadeta likanguruma. Katiba bado alikuwa amesimama, akiuliza barua itaandikwa tarehe gani.