Nukta Kwanza: Miaka Thelathini na Moja ya Msimamizi Wetu wa Mitaro

Tarehe thelathini mwezi huu msimamizi wetu wa mitaro anastaafu. Miaka thelathini na moja kazini. Jina lake la kwenye karatasi ofisi wanalijua. Sisi tunamwita Nukta.

Nimeambiwa niandike mimi kwa sababu nimechimba naye muda mrefu kuliko wote waliobaki. Kalamu yangu nzito, mnivumilie.

Alianza kibarua, sururu mkononi, kama sisi. Alipopewa usimamizi akaja na ugonjwa mmoja: hakuna kuchimba mpaka mtaro uchorwe kwanza kwa chaki, kwenye ukuta wa stoo. Tulimcheka sana. Tulisema huyu ni mwalimu, amepotea njia akaangukia topeni. Yeye akatujibu kuwa maji hayajaenda shule, lakini mteremko yanaujua kuliko sisi.

Alitufundisha hivi. Chora mstari wa mlalo, huo ni umbali. Chora wa wima kushuka chini, huo ni kina. Usikimbilie mteremko. Kapime kwanza bomba linatokea wapi ukutani. Likitokea sentimita arobaini chini, weka nukta kwenye arobaini, pale pale kwenye mstari wa wima, maana hujatembea hata mita moja. Sasa njoo kwenye mteremko: sentimita mbili kila mita. Nenda mita kumi, shuka ishirini, weka nukta ya pili kwenye sitini. Shika ubao ulionyooka, piga mstari. Basi. Ukitaka kina cha mita ya thelathini, fuata mstari: mia moja. Mimi darasa la tatu sikumaliza, na hiyo naifanya.

Mke wangu alipofariki, Nukta alikuja kuchimba kaburi nasi. Akatoa tepu mfukoni, akapima pembe zote nne. Shemeji zangu wakamtolea macho. Mimi nilicheka, siku ile ile. Sijasahau.

Lakini kazi ninayotaka ijulikane ni ile ya mtaro wa chumba cha kufulia, pale zahanati. Tulikuwa vibarua wanane. Tulikuwa tumetoka kumaliza mtaro wa sokoni, na kule maji yalianzia juu ya ardhi, nukta ikakaa sifuri. Nukta akachora wa zahanati, naye akaanzia sifuri tena. Ukutani hakupima. Sisi huwa tunachimba kutoka mwisho wa chini tukipanda kwenda jengoni, mvua isituzamishe. Siku nne, mtaro umenyooka kama uzi. Tukafika ukutani, bomba hatulioni. Kufukua, liko chini ya miguu yetu, sentimita arobaini. Mteremko sawa kabisa, ila mstari mzima umekaa juu.

Injinia akaja mbio. Akasema vibarua gani hawa hawajui kupima, wote wanane nyumbani leo hii, waletwe wengine. Tukaanza kukusanya makoleo. Mwenzetu Mrefu, mkewe alikuwa na mimba ya miezi tisa, akakaa chini kwenye udongo.

Mchoro ule ulikuwa wa chaki. Kiganja kimoja tu kingeufuta, na injinia asingejua. Nukta akamshika mkono akampeleka stoo, akamwonyesha sifuri. Akamwambia hawa wamechimba nilichochora mimi, kama kuna wa kwenda nyumbani, ni mimi. Injinia aliutazama ule mchoro. Mwisho akasema, rekebisheni.

Nukta akavua shati. Mita thelathini, sentimita arobaini zaidi kwenda chini, siku tatu. Alichimba nasi hadi mwisho. Tukamtania kuwa leo mwalimu kapewa adhabu, naye anacheka, tope mpaka masikioni. Hakuna aliyekosa kazi. Mrefu alipata binti wiki ile, akiwa bado na ajira.

Mzee wetu, asante. Wasimamizi wengi lawama wanatusukumia sisi. Wewe uliibeba. Nenda kapumzike na mama watoto, afya iwe nawe, miaka iliyobaki iwe mingi na mizuri. Ukipita ukaona tumechimba kombo, usione haya, tukemee.