Nani Atamwingiza Ndafu wa Aikaeli?

Kijiwe chetu kiko Tottenham, mbele ya duka la kufulia nguo, kwenye benchi ambalo mguu wake wa kushoto niliukaza mimi mwenyewe mwaka juzi na mpaka leo halijayumba. Ndiyo maana wananiita Injinia. Shule niliishia darasa la sita, lakini lifti za magorofa yote ya huku zinaijua sauti yangu. Alhamisi ile ya Julai jua lilikuwa kali, lami inanata kwenye viatu. Tulikuwa wanne: mimi, Severin, tunayemwita Waziri kwa kuwa hajawahi kukosa maelezo, Godbless, dereva wa basi, ambaye hapa jina lake ni Breki, na katikati yetu dada Eufrasia, kopo la soda baridi kalibana shingoni, kiti chake cha magurudumu kimeegemea ukuta. Kahawa ilikuwa ya Waziri. Kesi pia ilikuwa yake.

Jumamosi alikuwa anamwoza binti yake, Aikaeli. Sasa harusi ya Wachaga bila ndafu ni mkutano tu. Lazima yule mbuzi mzima aliyechomwa, majani mdomoni, aingizwe ukumbini kwa ngoma kabla hajakatwa. Na kwa miaka kumi na tano ndafu wetu hapa London wameingizwa na Eufrasia: yeye kashika sinia la mbuzi mbele, mwenzake Blandina nyuma, wanacheza mpaka waalikwa wanasimama juu ya viti.

Lakini siku hizi Eufrasia ana MS, ugonjwa unaochokoza mishipa ya fahamu. Ipo siku atakwenda hadi sokoni na kurudi, bora tu awe na toroli ya kusukuma mbele yake. Ipo siku miguu inagoma kabla hajafika mlangoni, na joto likizidi inagoma mapema. Kwa hiyo alikuwa amekataa kumwingiza ndafu. Naye Aikaeli amekula kiapo: bila shangazi Eufrasia, mbuzi abaki jikoni, watu wale keki.

— Nikiingia nimekaa, watalia, alisema Eufrasia. Nikiingia nimesimama, watasema nimepona.

Hatukubisha, maana habari ya Pasaka tunaijua. Siku ile kanisani aliinuka kitini kwenda chooni. Mchungaji akakamata kipaza sauti, kwaya ikapokea, akina mama watatu wakaanguka. Alipotoka chooni akakuta ushuhuda wake umeshatolewa na mtu mwingine. Jumapili iliyofuata alirudi na kiti, wakamuuliza imani imepungua wapi. Hata huyu Breki, siku dada alipopanda basi lake kwa miguu, alimuuliza mbele ya abiria kiti amemwazima nani. Akajibiwa kwamba kiti kimechoka, kimebaki nyumbani kinalala. Tangu siku hiyo Breki humfungulia mlango kabla hata hajafika kituoni.

Pengine ndiyo maana Breki alitangulia kutoa mpango. Alisema basi lake huinama lenyewe likiona mtu wa heshima. Atalileta mpaka mlango wa ukumbi, taa zote zinawaka, na Eufrasia ashuke kama rais.

— Nikishashuka? aliuliza Eufrasia. Si bado nitakuwa nimekaa au nimesimama?

Waziri akalikataa basi. Yeye alitaka abebwe kama Mangi, mfalme wa Wachaga wa zamani, kwenye kochi la sebuleni kwake, wanaume sita chini, mmoja wao akiwa yeye mwenyewe.

— Wewe wiki jana chupa ya kahawa tulikubebea, Eufrasia akamkumbusha.

Nikaona hawa wanacheza. Nikawaeleza kitu cha kitaalamu: kamba na kapi kwenye dari, moshi kidogo, wanaume wawili wanavuta, dada anashuka taratibu kutoka juu kama malaika. Nikawaambia niliwahi kushusha piano la askofu gorofa nne kwa kamba ya kuanikia nguo, na halikutoa hata sauti.

— Mpaka leo halijatoa, alisema Breki.

Eufrasia alicheka hadi soda ikamwagika. Kisha akaacha.

— Mimi nataka kuingia kama zamani, alisema. Watu wamtazame mbuzi.

Waziri akatuongezea kahawa. Hapo ndipo Célestine, mama wa Kikongo aliyehamia jengo letu mwezi ule, akatoka dukani na kapu la sare zake za kazi. Alikuwa ametusikia kupitia mlangoni. Waziri akammiminia kikombe cha mwisho, naye akanywa, akatutazama mmoja mmoja.

— Ba papa, na mbuzi yenyewe, itaingia namna gani?

Nilihesabu wanaume wote wa kamati ya harusi. Sita chini ya kochi, wawili kwenye kamba, mmoja kwenye usukani. Mbuzi hakubakiwa na mtu.

Waziri akaanza kulieleza kochi upya. Eufrasia alikuwa anakitazama kiti chake pale ukutani.

— Mbuzi apewe kiti, alisema. Mimi nitasukuma.

Akaomba kapu la Célestine, akaliweka kitini badala ya mbuzi, akashika mipini, akaondoka akicheza taratibu hadi kwenye sanduku la barua na kurudi. Breki alipiga ngoma kwenye benchi, na benchi, kama nilivyosema, halikuyumba. Mimi nilitia mafuta magurudumu, kwa hiyo mkiulizwa wazo hili ni la nani, mnajua.

Jumamosi tulifungua madirisha yote ya ukumbi. Ndafu akaingia ameketi, majani mdomoni, mkanda kiunoni, Eufrasia nyuma yake, kiuno kinacheza, mikono kwenye mipini, na watu wakapanda juu ya viti. Mchungaji akakamata kipaza sauti. Akamtazama mbuzi. Akakirudisha.