Tambi za Jeshi

Ndani ya basi dogo la mtaa wa Shubra, tukipitishiana nauli mkono kwa mkono, mzee mwenye unga kwenye nyusi alimkazia macho jirani yake, aliyepakata mfuko wa tambi za kiwanda cha jeshi. "Hizo ndizo zinazokiua kiwanda changu cha tambi," akasema. "Mimi nalipa mafundi, wao wanatumia makuruta. Utashindana vipi na mtu wa bure?"

Mimi, ambaye nyumbani ninazo hizohizo, nikatazama dirishani.

"Askari mwenye njaa atalinda mpaka gani, Usta?" jirani akamjibu, akimwita kwa heshima wanayopewa mafundi. "Jeshi lazima lijilishe."

"Lijilishe! Lisiwalishe wateja wangu!"

"Huo wivu sasa."

"Ndiyo, wivu! Mwanangu Wagdi kachukuliwa jeshini, wamemweka kwenye mashine ya tambi. Kazi nimemfundisha mimi!"

"Basi mshukuru Mungu hayuko vitani."

Mzee akanuna mpaka kituo cha Ramses. Basi liliposimama akashuka, kisha akarudisha kichwa mlangoni. "Kwangu nilikuwa namwamsha kwa kumwagia maji," akasema. "Kule anaamka kwa filimbi, tena anapiga saluti!"