Anord Aliko Mwaipasi na Rafiki Aliyejichagulia Mwenyewe

Ndugu waombolezaji, majirani zetu wa Ikolo na ninyi mliotoka mbali, mimi ni Tulinagwe, dada wa marehemu. Baba mdogo Yohana alitaka wasifu huu ausome yeye. Nilikataa, kwa sababu hakuna aliyemjua Anord kuliko mimi. Angalau ndivyo nilivyoamini kwa miaka mingi.

Marehemu Anord alizaliwa tarehe 14 Mei 2000 hapa Ikolo, mtoto wa pili wa marehemu mzee Aliko na mama Catheline. Alichelewa kusema. Alipoanza, alisema ukweli mtupu, na wengi wenu hapa mnakumbuka. Kwenye msiba wa babu aliwauliza wageni wataondoka saa ngapi.

Alisoma shule ya msingi mwaka 2007 hadi 2013, kisha sekondari hadi kidato cha nne, 2017. Walimu walimwita mkaidi. Mwaka 2015 daktari mmoja wa Mbeya alitueleza kuwa ana usonji. Kuanzia hapo nilijipa kazi ya kumfundisha kuishi na watu. Nilimfundisha kusema "ugonile", salamu yetu ya Kinyakyusa, kungoja ajibiwe "ndaga", kisha kuulizia nyumbani, watoto na ng'ombe, kwa mpangilio huo. Alishika yote. Alimuuliza habari za ng'ombe hata muuza vocha wa Mbugani.

Mwaka 2019 aliajiriwa kwenye kituo cha kukusanyia kakao cha kijiji. Kazi yake ilikuwa kugeuza kakao kwenye masanduku ya kuchachushia, na kwa harufu tu alijua sanduku lipi limeiva. Wenzake walimheshimu, ila wakikaa pamoja kula na kupiga soga, ile tunayoiita ukwangala, Anord alimaliza chakula chake, akanawa, akaondoka. Watu walisema anaringa. Mimi ndiye niliyepita nikimwombea radhi, na nakiri kuwa kazi hiyo niliipenda. Alinihitaji.

Marehemu hakuoa. Lakini mwaka 2022 alihamia hapa afisa ugani kutoka Rombo, Jubilate Kimario, yule pale aliyesimama nyuma. Siku ya kwanza kituoni Anord alimsalimia kama nilivyomfundisha, mpaka akafika kwenye ng'ombe.

"Sina ng'ombe," Jubilate alimjibu, "na salamu zimenichosha tangu asubuhi. Hebu niambie, hii kakao ni ya siku ya ngapi?"

"Ya nne. Imegeuzwa jana. Bado mbili."

Basi. Kwa maneno hayo tu wakawa marafiki. Miaka saba niliyohangaika na salamu, mgeni aliifuta kwa dakika moja! Jumapili walikwenda Matema ziwani, wakala samaki mbasa wa kuchoma, wakakaa saa tatu bila kusema kitu, na Anord alirudi anacheka. Kwangu hakuwahi kukaa zaidi ya nusu saa. Niliona wivu, jamani. Niliona wivu mpaka chakula kilinishinda.

Desemba 2023 Jubilate alipita nyumbani kumwalika Anord wakale Krismasi Rombo. Anord alikuwa kazini. Nikamwambia, "Hapendi safari. Amekataa." Jubilate akaenda peke yake. Januari, Jubilate aliporudi, Anord akaja kwangu.

"Dada, nilikataa lini?"

"Hukukataa. Nilikataa mimi. Nilikuwa na wivu."

Akaniuliza, "Wivu unaisha baada ya siku ngapi?"

Hakunigombeza. Alikwenda kumweleza Jubilate mwenyewe, wakapanga kusafiri Desemba iliyofuata. Novemba 2024 kifafa kikaanza, na daktari akamzuia kusafiri. Anord hakuiona Rombo, na aliyemnyima ni mimi.

Aliugua kwa miezi minne. Alipolazwa mara ya mwisho nilimuuliza nimwite nani. Nilingoja aseme, "Wewe upo, inatosha." Akasema, "Jubilate." Jubilate alikuja, akakaa kando ya kitanda bila neno, na mdogo wangu akatulia kwa namna ambayo mimi sijawahi kumtuliza. Alifariki tarehe 3 Machi 2025, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka ishirini na minne.

Marehemu ameacha mama, dada mmoja, baba mdogo na rafiki mmoja. Jana baba mdogo aliniambia, "Mwanangu, rafiki haandikwi kwenye orodha ya wafiwa." Nimemwandika. Sisi wengine kwenye orodha, Anord alitukuta tu alipozaliwa.

Mungu ampokee mdogo wangu na ampe pumziko lenye utulivu.

Ratiba mliyoshika inasema kwamba baada ya mama, anayeweka udongo ni mimi. Nimeibadilisha. Jubilate, njoo, pita mbele yangu. Bado nakuonea wivu, lakini pita.