Nilimwambia Daktari Sijambo

Wapendwa, mtaniwia radhi nikishuhudia nikiwa nimeketi. Zamani ningesimama hata mgongo ukatike, na kusimama huko ndiko kulikoniponza.

Nilikuwa nikihudumia wazee kule Bloomington, hapa hapa Marekani. Siku moja mzee aliteleza bafuni, nikamdaka. Yeye hakuumia. Mimi mgongo ulilia kah, na tangu hapo mguu wa kushoto ukawa wa kuburuta. Kazi ikaisha. Nikaomba malipo ya serikali ya wasiojiweza, nikapelekwa kwa daktari wao anipime kama naweza kazi.

Ndugu zangu, nawaambia, mimi nimelelewa. Kwa daktari hatuendi ovyo ovyo. Binti yangu aliniosha, akanisuka, nikavaa suti ya Jumapili na kumeza dawa za maumivu kupita kiasi. Daktari alipoingia nikainuka, nikampa mkono kwa heshima.

"Hujambo, mama?"

"Sijambo kabisa, namshukuru Mungu."

"Unaweza kuinua ndoo?"

"Nitajaribu, daktari."

Mnacheka! Nani hapa angejibu vingine?

Jibu likaja: anasimama vizuri, mchangamfu, kazi anaiweza. Nilikasirika mno. Kodi ya nyumba ikatushinda, tukahamia chumba cha chini kwa dada mmoja wa kanisa hili. Binti yangu akaacha chuo, akashika shifti kiwandani, na kabla ya kazi ananibeba hadi msalani. Nilimwomba Mungu anichukue. Ndiyo, nalisema mbele ya mchungaji.

Tulipokata rufaa, dada yule, ambaye ni nesi, akanipasulia ukweli: "Mama, hao hawakusalimii. Wanakupima. Ukisema sijambo, wanaandika hajambo."

Siku ya kusikilizwa, hakimu naye akaanza na habari za asubuhi. "Nzuri" ilikuwa tayari mdomoni. Nikaimeza.

"Mbaya," nikasema. "Leo binti yangu amenisafisha kama mtoto mchanga. Nilikojoa kitandani."

Binti alikuwa ameketi nyuma yangu. Nilimsikia akilia.

Malipo tulipata. Mgongo haujapona, na aibu ya siku ile ningali nayo. Lakini mtoto amerudi darasani. Asante, mwanangu. Asante, dada, kwa chumba na kwa ukali wako.

Anayekupima usimfichie maumivu kwa adabu. Nanyi mkiniuliza habari pale mlangoni, msipite tu. Subirini jibu.