Sabuni ya Mashuka

DADA: Haloo, nani mwenzangu? Namba siijui hii.

FUNDI: Mdogo wako. Yangu imezima, natumia ya mke wangu.

DADA: Aa. Ndiyo maana siijui.

FUNDI: Shikamoo.

DADA: Marahaba. Mbona unaitoa kama umebanwa na—

FUNDI: Kibonge yuko wapi?

DADA: Amelala. Mwanao nimemwogesha mpaka anang'aa. Mlivyomleta juzi alikuwa kama—

FUNDI: Umemwogesha na nini?

DADA: Ulitaka nimwogeshe na soda? Sabuni.

FUNDI: Sabuni gani, dada?

DADA: Ya kazini.

FUNDI: Ile ya mashuka ya hoteli?

DADA: Hiyo hiyo. Inatoa damu, inatoa mvinyo, itashindwa na vipele vya mtoto? Na nguo zake nimefua zote. Nimetia dawa ya kung'arisha, nikatia marashi, nikasuuza mara moja tu ili harufu ikae. Sasa ananukia kama chumba cha wageni. Sema asante.

FUNDI: Anajikuna?

DADA: Nini? Mtandao huu—

FUNDI: Unanisikia vizuri. Anajikuna?

DADA: Kidogo.

FUNDI: Viwiko vinatoa maji?

DADA: Uchafu unatoka. Ndivyo unavyotoka.

FUNDI: Hiyo ni ngozi inayotoka, dada. Unamchuna mwanangu.

DADA: Mimi? Mimi niliyemtoa kwenye uchafu wa—

FUNDI: Malizia. Wa nani? Ulishasema mbele ya ukoo mzima kwamba mke wangu hajui kuogesha mtoto. Nikakupa mtoto ili unyamaze. Hilo ndilo kosa langu. Leo tumetoka kwa daktari wa ngozi. Mke wangu kamwonyesha picha za Kibonge kwenye simu. Kesho anamtaka mwenyewe.

DADA: Na kasema nini huyo wa picha?

FUNDI: Ukurutu. Na hauletwi na uchafu.

DADA: Unaletwa na nini?

FUNDI: Chanzo si kimoja. Kwanza anazaliwa nao, ngozi yake ni dhaifu. Mimi nimeelewa hivi: ni kama ukuta uliojengwa kwa saruji ya kubania. Unyevu unatoka, vumbi linapenya. Na mwili wenyewe una hasira za karibu, ukiguswa kidogo unawaka. Sabuni kali, marashi, jasho, nguo ya sufu, hivyo vinauchokoza tu. Na wewe umemchokoza kwa ndoo nzima.

DADA: Anazaliwa nao. Basi kautoa kwao, huyo mk—

FUNDI: Daktari kauliza hivyo hivyo. Anasema ukurutu na pumu hutembea pamoja kwenye ukoo. Kwenu nani ana pumu, nani alijikuna utotoni? Mke wangu akasema kwao hakuna. Nikasema na kwetu hakuna.

DADA: Umejibu vizuri.

FUNDI: Mke wangu akaniangalia. Pumu ni ya nani, dada? Na hiyo mikono mirefu unayovaa kwenye joto lote hili—

DADA: Funga mdomo.

FUNDI: —ni ustaarabu au ni nini?

DADA: Nimesema funga mdomo wako. [mtandao unakwaruza] Ulimwambia daktari?

FUNDI: Nikamwambia.

DADA: Mbele ya mkeo?

FUNDI: Alikuwa anajua. Kakuona mikono toka siku ya harusi yetu, mlipokuwa mnabadilisha nguo. Hajamwambia mtu, hata mimi hakuniambia kama kakuona. Wewe umemtangaza, yeye kakufichia. Haloo? Upo?

DADA: Mama alikuwa ananisugua na jiwe la miguu. Unakumbuka?

FUNDI: Nakumbuka.

DADA: Eti takataka. Kila jioni, na nyie mkicheka dirishani.

FUNDI: Na leo unamsugua wa kwangu. Nakuja kumchukua sasa hivi.

DADA: Wewe usije.

FUNDI: Dada, nitang'oa huo mlango.

DADA: Mlango wa nani? Nimesema usije wewe. Aje mama yake.

FUNDI: Ili umtukane?

DADA: Kanikera sana huyu. Si angesema tu, siku ile nilipomtangaza? Angenijibu pale pale, tukaumbuka wote. [mtoto analia] Kibonge kaamka. Anajikuna. Nimfanyeje?

FUNDI: Maji matupu ya uvuguvugu, yasikae sana. Usimsugue. Mfute kwa kumgusagusa. Halafu mafuta mazito yasiyo na harufu, angali na unyevu.

DADA: Sina mafuta yasiyo na harufu humu.

FUNDI: Tumeyanunua.

DADA: Basi aje nayo. Anionyeshe anavyompaka. Na hayo niliyosema mbele ya watu nitayarudisha mwenyewe, sitaki unisimamie. Yuko mbali na hapo?

FUNDI: Yuko hapa. Anakusikia toka mwanzo.

DADA: Mjinga wewe, si ungesema?

FUNDI: Salio linakata. Anavaa viatu, anakuja na kopo dogo—

DADA: Kubwa. Alete kubwa.

FUNDI: Dogo linamtosha mtoto.

DADA: Nimesema kubwa, kichwa tofali wewe. Kwani mtoto ndiye peke yake anaye—

[Simu imekatika.]